Foleni ya Mawe kwenye Bembea ya Taifa

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani, na wananchi wake wameshaambiwa kwamba hilo ni kwa usalama wao. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri mia moja na arobaini, na ina mlima mmoja ambao theluji huuangukia siku kumi na moja kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri. Sasa ikatokea Mtukufu Kiongozi kwenda kwenye mkutano ng'ambo, na huko wakamzawadia mbao mbili ndefu za kutelezea thelujini. Akarudi nazo. Akaziegemeza ukutani, na kila asubuhi akipita kwenda kunywa chai anazitazama. Mawaziri wakamwona anavyozitazama. Miezi minne haijaisha, nchi ina Wizara ya Theluji. Miaka miwili haijaisha, mlima una bembea.

Si bembea ya kuchezea watoto, la. Ni waya mnene uliovutwa kutoka Kituo cha Chini, penye soko na hospitali, hadi Kituo cha Juu, kijijini Mbaruti, na kwenye waya huo vikaning'inizwa viti arobaini, vinashuka upande huu na kupanda upande ule, mchana kutwa. Jina lake la serikali lina maneno kumi na saba. Watu waliiita Bembea ya Taifa, wakaendelea na shughuli zao. Watelezaji kutoka ng'ambo walisubiriwa mwaka wa kwanza, wakasubiriwa mwaka wa pili, mwaka wa tatu akaja mmoja, naye alikuwa amepotea njia.

Basi bembea ikabaki kwa watu wa Mbaruti, ambao hakuna aliyewafikiria wakati wa kuijenga. Zamani ukitaka kwenda hospitali unalizunguka kwa miguu korongo linaloitwa Koo, mwendo wa saa tisa, mgonjwa machelani. Sasa unakaa kwenye kiti, unafunga mkanda, unapita juu ya Koo umefumba macho, na dakika ishirini baadaye unaulizwa unaumwa nini.

Mwendeshaji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne aitwaye Sikudhani. Kazi aliachiwa na mhandisi mgeni aliyeifunga mitambo. Mhandisi yule hakujua lugha, ila siku ya kuondoka alijifunza maneno matatu kwa ajili yake. Alimshika Sikudhani mabega, akaonyesha kiti, akasema: "Wawili." Kisha akaonyesha Koo, akasema: "Watatu, kaburi." Akapanda kiti akaenda zake, hajaonekana tena.

Wizara yenyewe ilitundika ubao wenye kanuni thelathini na moja. Kanuni ya kwanza ilisema aliyetangulia kwenye foleni apande kwanza, bila kujali cheo. Kanuni ya kumi na mbili ilikataza abiria kuanguka bila kibali cha maandishi. Sikudhani aliusoma ubao wote, akaufuta vumbi, akaendelea kufuata maneno matatu ya mhandisi. Wawili kwa kiti. Gunia la viazi ni mtu mmoja. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa hadi likavimba shingo, ni watu wawili na maneno juu. Mbuzi apande amefungwa miguu. Mtu akimletea ubishi, humwambia, "Kiti hakikujui wewe ni nani, baba. Shuka." Miaka tisa, hajamdondosha mtu.

*

Kitu kimoja cha Mbaruti kieleweke. Pale hapana mtu anayesimama foleni. Mtu wa Mbaruti akitaka kushuka sokoni, huja asubuhi na jiwe lake, huliweka nyuma ya jiwe la mwenzake, kisha anarudi shambani kupalilia viazi. Jiwe linasimama kwa niaba yake. Zamu ikikaribia, watoto wa jirani wanapiga kelele, mtu anajifuta matope, anakuja. Kuiba nafasi kwa kusogeza jiwe la mwenzako ni aibu kubwa kuliko kuiba kuku, maana kuku anaweza kuliwa na mwewe, lakini hakuna mwewe wa mawe.

Sikudhani aliyajua mawe yote kama anavyojua sura. Siku za gulio yalipanga mstari kutoka kituoni hadi mlangoni pa kanisa, na wa mwisho alisubiri saa sita.

Siku kama hiyo ndipo ilipofika Tume ya Taifa ya Kupunguza Foleni. Tume ilikuwa na watu ishirini na watatu, lakini wote walibaki Kituo cha Chini kwenye chakula, wakamtuma mmoja, Bwana Tegemea, mwenye saa ya kupimia shingoni na fomu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unashuka?"

"Ndiyo kwanza nimepanda. Nimekuja kupima foleni."

"Hiyo hapo."

Tegemea akatazama alikoonyeshwa. "Naona mawe."

"Eeh."

"Foleni yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, baba. Lile bapa la mbele ni Mzee Kiyungi. Lenye kitambaa chekundu ni mdogo wangu Tausi, hata jiwe lazima alivalishe. Lile lililokaa upande ni fundi Mbonde, lakini yeye hata akija mwenyewe hakai sawa."

"Mama, fomu inauliza idadi ya watu waliosimama."

"Wasimame wana wazimu? Saa sita? Wako shambani."

"Kwa hiyo aliyesimama hakuna."

"Wanaosubiri ni mia na themanini."

"Lakini aliyesimama hakuna."

Sikudhani alimwangalia kijana yule, akaona ni mtoto wa watu, ana kazi yake na anaiogopa. Akamwacha. Tegemea akabonyeza saa, akangoja mtu aingie kwenye mstari. Hakuingia mtu. Akabonyeza tena. Akaandika: muda wa kusubiri, dakika sifuri. Wakati wa kushuka alitaka kupanda kiti, Sikudhani akamwambia, "Kumbe unataka kushuka? Jiwe lako liko wapi?" Ilibidi aokote jiwe, akaliweka pale kanisani, akakaa kando yake hadi jua likainama. Alisubiri saa sita kasoro robo. Hiyo hakuiandika, maana fomu haikuuliza.

*

Dakika sifuri! Nchi ikaingiwa na kichaa. Hata nchi zenye theluji ya kumwaga, zenye bembea za kila aina, watu wake walikuwa wakisubiri dakika kumi na tano. Waziri wa Theluji na Foleni, Mheshimiwa Balozi Daktari Makulusa, alipata nishani mbili, ya theluji na ya foleni, akatangaza redioni kwamba adui mkubwa wa maendeleo ni mtu anayesubiri, na kwamba adui huyo sasa ametokomezwa.

Halafu wataalamu wa wizara wakakaa na kufikiri, na hapo ndipo mambo huharibika. Wakafikiri hivi: kama hakuna anayesubiri, viti vimezidi. Wakaja na spana wakafungua viti ishirini. Kumi vikapelekwa bustanini kwa Mheshimiwa, wageni wakawa wanapunga upepo humo. Vingine kumi viliwekwa makumbusho, chini ya kibao kilichoandikwa Enzi za Kusubiri.

Foleni ya mawe ikapita kanisa, ikapita shule, ikakata kona kwenye kisima. Mama mmoja alijifungua kando ya jiwe lake. Mtoto akapewa jina Kisimani. Sikudhani akaandika kwenye safu ya Maoni ya kitabu cha usalama, kile anachotia sahihi kila asubuhi kabla bembea haijawashwa: "Viti havitoshi. Watu wanateseka." Wizara ikajibu haraka, jambo lisilo la kawaida. Ililetwa mihuri, na safu ya Maoni ikafutwa.

Kisha ukaja waraka. Mheshimiwa alikuwa ameamua kusherehekea Siku ya Dakika Sifuri palepale Kituo cha Juu, mbele ya kamera, na kwaya nzima ya Mbaruti, watu mia na ishirini, ishuke kwa bembea kwa mpigo mmoja ikiimba. Viti vilikuwa ishirini. Wataalamu wakagawanya. Waraka ukasema:

"Kuanzia tarehe ya leo, kiti kilichokuwa kikibeba watu wawili kitabeba watu sita. Viti vimearifiwa. Kiti kitakachokaidi kitachukuliwa hatua."

Na kweli viliarifiwa. Alikuja karani akabandika nakala moja moja kwenye kila kiti, akasimama mbele ya kila kimoja akikisomea kwa sauti.

*

Tausi alikuwa ndiye kiongozi wa kwaya, na siku tatu kabla ya sherehe aliingia kwa dada yake akiwa amevaa kitenge kipya chenye picha ya Mheshimiwa. Uso mmoja kifuani, uso mwingine palipo pana zaidi.

"Dada, nione. Nimependeza?"

"Mheshimiwa amekukalia vibaya huko nyuma."

"Acha hizo. Mia na ishirini wameshonewa. Na pilau ipo. Mbaruti tangu izaliwe imeletewa pilau na serikali lini?"

"Tausi, mnapandishwa sita kwenye kiti cha wawili."

"Si wamesema kimeongezwa nguvu?"

"Kimeongezwa karatasi."

Tausi akakaa, akaanza kukunja pindo la kitenge. "Ukikataa watakutoa. Wanasema yupo shemeji wa Mheshimiwa, Kapteni Bahasha, anasubiri hiyo nafasi. Wakimweka huyo, kesho atatupakia sita, keshokutwa kumi. Wewe tia sahihi, dada. Twende mara moja tu, taratibu, tukiwa tumebana pumzi."

"Mkiimba mmebana pumzi, hiyo ni kwaya gani?"

Tausi akacheka peke yake. Sikudhani alikuwa anatazama dirishani, kwenye mstari wa mawe uliokunja kona kisimani. Akatazama sana. Halafu akauliza, "Ile mizani ya viazi ya Mzee Kiyungi bado inafanya kazi?"

Kesho yake mizani ile ikatundikwa kwenye boriti ya ghala, na wanakwaya wakaitwa kwa zamu, mmoja mmoja wakaning'inia kwenye ndoano kama magunia, mguno ukapanda. Agizo la Sikudhani lilikuwa jepesi: siku ya sherehe kila mtu asije na jiwe la kawaida. Aje na jiwe la uzito wake mwenyewe. Kazi ya kuyatafuta ilichukua siku mbili, kwa toroli, kwa machela, kwa ng'ombe wa kulimia. Tausi alileta lake mapema, dogo, la duara.

"Tausi," Sikudhani akamwambia, "hilo ni la siku uliyobatizwa. Rudi kalete la leo."

*

Siku ikafika, na turubai, na viti vya kukalia wakubwa, na pilau kwenye masufuria yaliyofunikwa, ikinukia makusudi. Mheshimiwa Makulusa alipanda jukwaani akiwa na nishani zote mbili. Kando yake alisimama Kapteni Bahasha, amevaa glavu nyeupe. Ujuzi wake wa mitambo ulitokana na kuwahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi kinachopanda na kushuka. Bwana Tegemea alikuwepo na saa yake. Na kutoka kituoni hadi kisimani yalikuwa yamejipanga mawe mia na ishirini, makubwa, kimya, moja nyuma ya jingine.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akaanza. "Wapo wanaosema kiti kina kikomo. Nani alikiweka? Wageni! Mgeni anakuja kwako, anakiambia kiti chako kibebe wawili, na wewe unakubali? Uwezo wa kiti haumo kwenye chuma, ndugu zangu. Umo kwenye utashi! Mtangulizi wangu aliwaacha wawili. Mimi nawapa sita. Na atakayekuja baada yangu, nampa changamoto: tisa!"

Makofi yakapigwa na wale waliokaa chini ya turubai. Kitabu cha usalama kikaletwa mezani, kalamu juu yake.

"Mama, tia sahihi," Mheshimiwa akasema, mkono kwenye kinasa sauti, tabasamu kwenye kamera.

"Sitii."

Tabasamu likabaki palepale, ila mwenyewe akawa ameondoka ndani yake. "Unajua unazungumza na nani?"

"Namjua. Yuko kwenye kitenge cha mdogo wangu, mbele na nyuma. Sitii, Mheshimiwa. Nikitia, hawa watakufa na jina langu ndilo litakuwa limewaua. Kwa wawili nitatia sasa hivi, hata kwa wino wangu."

"Umeachishwa kazi! Kapteni, shika mtambo!"

"Ashike," Sikudhani akasema, akasogea pembeni. "Mtambo ni wa serikali. Lakini ubao nao ni wa serikali. Kanuni ya kwanza, Mheshimiwa, umeiweka wewe: aliyetangulia kwenye foleni apande kwanza. Waliotangulia ni hawa." Akayaonyesha mawe.

Chini ya turubai wakaangua kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, akawageukia wenye kamera ili wapate upande wake mzuri. "Mnaona upinzani wa maendeleo ulivyofilisika? Sasa umebaki na mawe! Pakieni! Pakieni hayo sita ya mbele, wamalize utani wao, kisha kwaya ipande!"

Vijana wenye nguvu wakayabeba, wanne kwa jiwe. La Mzee Kiyungi likakaa kwanza. La fundi Mbonde likakaa upande. La tatu lilikuwa na kitambaa chekundu. Sita yalipotimia, Sikudhani mwenyewe akainama, akayafunga mkanda, akaukagua, kama anavyowafanyia watu.

Kapteni Bahasha akaushika mkono wa mtambo kwa glavu zote mbili, akauvuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

Kiti kikatoka. Kikaacha ukingo, kikaingia juu ya Koo, waraka wa wizara ukipepea mgongoni mwake. Hatua kumi. Hatua ishirini. Kwaya wakaanza kuguna wimbo chini chini. Hatua arobaini, chuma kinachokishikilia kiti kwenye waya kikafunguka polepole, kama kidole kinachokunjuka, na kiti kikaondoka.

Sauti kutoka chini ilichelewa kufika, kama kila kitu cha serikali. Ilipofika ilikuwa mara sita.

Hata pilau ilikoma kunukia. Kisha Mzee Kiyungi akavua kofia, akapiga hatua mbele ya jukwaa.

"Lile la kwanza lilikuwa mimi," akasema. "Kilo sitini na nane."

"La pili mimi," akasema fundi Mbonde, akasimama sawa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Tausi alikuja akitembea taratibu. Alisimama mbele ya Mheshimiwa. "Mimi nilikuwa wa tatu," akasema. "Nilikuwa nimevaa hiki." Akavua kitenge, ndani amevaa gauni lake la shambani, akakikunja vizuri, akakiweka jukwaani miguuni pa yule aliyechorwa. Nyuma yake akaja wa nne, na wa tano, na wa sita, kisha wale mia na kumi na nne ambao zamu yao haikufika. Jukwaa likajaa sura za Mheshimiwa zilizokunjwa.

Bwana Tegemea akakohoa. "Mheshimiwa, fomu inataka nijaze. Niandike walioanguka ni watu, au ni mawe?"

Mheshimiwa akapima majibu yote mawili. Akisema ni watu, basi foleni ipo, saa sita zipo, nishani haipo, na watu sita wameuawa na waraka wake mbele ya kamera. Akisema ni mawe, basi mawe ya uzito wa watu yameonyesha nchi nzima watu wangefikia wapi.

"Walikuwa na kibali cha kuanguka?" akauliza hatimaye.

"Hawakuwa nacho."

Mheshimiwa akafikiri sana, jasho likimtiririka chini ya nishani. "Andika," akasema, "kiti hakikuwepo."

*

Kapteni Bahasha aliondoka siku ileile kwa miguu, saa tisa kuzunguka Koo, glavu mfukoni, maana alikataa kata kata kukaa kwenye kitu chochote kinachoning'inia. Pilau Mbaruti waliila. Walisema waliopika hawana kosa.

Sikudhani alikuwa ameachishwa kazi, hilo halikuwa na ubishi. Ila barua ya kumwachisha ililetwa Kituo cha Chini, na ili ifike Juu ilibidi mtu aiendeshe bembea. Akaiendesha, akaipokea, akatia sahihi ya kupokea. Ikaja ya pili, kali zaidi; akaipandisha nayo. Ya tatu ilipanda imeketi peke yake kwenye kiti, imefungwa mkanda.

Wiki ya pili wizara ikapata ufumbuzi. Ilipigwa marufuku mikusanyiko ya mawe. Jiwe lolote litakaloonekana limesimama nyuma ya jiwe jingine kwa nia ya kungoja litahesabiwa limevunja amani. Akapanda sajini mmoja na askari wanane, wawili kwa kiti, mikanda imefungwa, Sikudhani hakukubali vinginevyo. Sajini akasimama mbele ya mstari, akainua kipaza sauti.

"Mnaamriwa kutawanyika ndani ya dakika kumi!"

Mbaruti nzima ilikuwa shambani. Walisimamisha majembe wakasikiliza. Sajini akarudia agizo kwa mawe ya kituoni, akalirudia kwa ya kanisani, akapanda hadi kisimani, na kutoka hapo akaona mlima ulivyo, mawe ya mlima wenyewe, moja nyuma ya jingine hadi kileleni, na yote yanamtazama. Dakika kumi zikapita. Hakuna lililosogea. Tegemea, ambaye safari hii alikuwa amekuja peke yake na bila kutumwa, alibonyeza saa yake na kuandika kwenye daftari lake mwenyewe.

Jua lilikuwa kali, na buti za sajini zilikuwa mpya. Alishuka hadi kituoni akichechemea, akajiachia juu ya jiwe bapa la mbele, jipya, kubwa kuliko lile la zamani.

"Mama," akasema, "tushushe sisi tuondoke."

"Afande, kwanza inuka," Sikudhani akamwambia. "Umemkalia Mzee Kiyungi."

Sajini akainuka haraka, bila kujua kwa nini ameinuka. Akalifuta jiwe vumbi kwa kofia yake.

"Mwisho wa foleni uko kule kisimani," Sikudhani akasema, akawafunga mkanda wanakijiji wawili waliokuja kwa zamu yao, akaushika mkono wa mtambo. "Tafuteni mawe. Mko tisa, kwa hiyo yawe tisa, na yawe ya uzito wenu."